Nilimsahihisha baba mbele ya ukoo mzima, sasa kanyamaza

Shangazi shikamoo,

Naandika saa hizi za usiku watoto wameshalala, nimekaa na simu mkononi naangalia grupu la familia ambalo baba yangu hayumo tena. Alijitoa mwenyewe, hakuna aliyemtoa, lakini sababu ni mimi na kila mtu kwenye lile grupu anajua hivyo.

Nieleze ilivyokuwa, utanisamehe nikirefusha.

Mimi ni mtoto wa kwanza, nina miaka 38, baba ana 71. Simu janja nilimnunulia mimi miaka minne iliyopita na kumfundisha nikamfundisha mimi, siku mbili nzima tumekaa naye, hapa unabonyeza, hapa unarudi nyuma, hapa unatuma picha. Hadi leo anaandika kwa kidole kimoja, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, simu kaisogeza karibu na macho, na kila meseji lazima ianze na salamu na iishie na "ni mimi baba yenu" kama anavyofunga barua. Mwanzoni tulifurahi sana. Halafu akaunganishwa na wenzake wa zamani, hasa rafiki yake mmoja waliyefanya kazi pamoja miaka 26, huyo mzee sasa hivi miguu haimruhusu kutoka nyumbani, na hapo ndipo fowadi zilipoanza. Asubuhi fowadi, mchana fowadi, saa tano usiku fowadi. Siasa, tiba za ajabu ajabu, nchi gani inaenda kupigana na nchi gani, nani kafa kumbe mtu mzima yupo hai. Sisi watoto tukawa tunapita tu, ukiwa na huruma unaweka dole gumba basi. Mdogo wangu anayenifuata alishazima mlio wa grupu zamani, anaingia mara moja kwa wiki.

Sasa kinachoniuma ni kwamba baba yangu hakuwa mtu wa hivi. Nilivyokuwa mdogo jioni ilikuwa ni lazima nyumba nzima kimya taarifa ya habari ikisomwa, na hakutosheka na stesheni moja, alikuwa anazungusha kile kitufe cha redio kwenye masafa mafupi taratibu, taratibu, mpaka apate stesheni ya pili asikie na wao wanasemaje. Na alikuwa na madaftari. Habari kubwa anaiandika, tarehe, saa, halafu pembeni kabisa kwenye ukingo wa karatasi anaweka neno moja tu, ama "nimesikia" ama "nimeona". Daftari la kwanza kaanza nalo akiwa na miaka 15, mwaka 1969, watu walipotua mwezini. Hadithi hiyo nimeisikia sijui mara ngapi, jinsi alivyogombana na babu, babu akisema huo ni uongo wa Wazungu hakuna mtu anayeweza kufika huko, na baba akamjibu "Warusi wanashindana na Wamarekani na hawajakanusha, na wao ndio wangekuwa wa kwanza kukanusha". Miaka 15 shangazi! Mtu wa namna hiyo leo ananitumia meseji imeandikwa TUMA KWA WATU 20.

Ndio tufike kwenye siku yenyewe. Miezi mitatu imepita, kipindi cha kampeni, akatuma picha ya umati mkubwa, watu kama siafu, chini imeandikwa kwamba huo ni mkutano wa jana na vyombo vya habari vimeuficha. Nilivyoiangalia tu nikaishtukia. Nikaitafuta kwa picha kwenye intaneti, haikufika hata dakika moja, ikatokea: ni ya miaka minane iliyopita, nchi nyingine kabisa, na watu wale walikwenda kwenye tamasha la muziki. Nilikuwa kazini nimechoka, siku hiyo nilishasoma upuuzi wa kila aina, nikaweka skrinshoti mbili na linki na nikaandika, naweka hapa kama nilivyoandika: "Baba hii ni uongo. Picha ni ya miaka minane iliyopita na wala sio hapa. Tafadhali uwe unaangalia kabla ya kutuma."

Grupu lina watu 43. Wamo wadogo zake, wamo wakwe, wamo watoto wa juzi. Wakaanza kuweka zile emoji za kucheka mpaka machozi. Mmoja wa vijana akaandika "mzee anyang'anywe simu". Mimi sikucheka lakini pia sikusema kitu. Kama dakika kumi hivi nikaona jina la baba linaonyesha anaandika, likaacha, likaandika tena, likaacha. Halafu ikaingia: "Sawa mwanangu. Nimeelewa. Ni mimi baba yako." Na chini yake kale ka-mstari kadogo kwamba katoka kwenye grupu.

Tangu siku hiyo nikipiga simu anapokea mama, nikimuulizia anasema mwambie nipo salama. Mama anasema simu yake ipo mezani imezimwa, anakaa na redio. Mama anataka niende nikaombe msamaha. Mdogo wangu anasema nisithubutu, ulisema ukweli, ukiomba msamaha kwa ukweli unamfundisha mzee kwamba akinuna anashinda. Na mimi nipo katikati, kwa sababu kusema kweli sioni nilichokosea, uongo ni uongo hata ukitumwa na baba, lakini nikikumbuka lile jina linaandika na kuacha usingizi unakata.

Niombe msamaha kwa kitu gani hasa? Na akirudi si tunarudi kule kule kwa fowadi?

Mtoto wa kwanza

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na ile ya tatu nikakwama kwenye herufi chache ambazo umeziandika ukapita. Umesema kila meseji ya baba inaisha na "ni mimi baba yenu". Ile ya mwisho imeisha na "baba yako". Mtu anayeandika kwa kidole kimoja, anaandika anaacha, anaandika anaacha, hilo neno hakulikosea. Ndugu zako wote walikuwemo humo na emoji zao, yeye akakujibu wewe peke yako na akajitaja ni nani kwako. Mimi sioni mtu aliyenuna hapo, naona mtu aliyeumia na bado akakumbuka kusema sawa mwanangu.

Kwanza tulimalize hili la ukweli maana ndilo linalokuganda. Picha ilikuwa ya uongo, uliichunguza, ulisema, na ilibidi mtu aseme. Kipindi cha uchaguzi picha ya umati sio mchezo, inawaambia watu fulani kashashinda, kwa hiyo siku matokeo yakija tofauti watasema wameibiwa, na huko watu huwa wanaumia kweli. Kwa hiyo kwa hilo usiombe msamaha, na baba yako nadhani hata hataki ukaombe kwa hilo, mwenyewe kakwambia nimeelewa.

Lakini hebu nikuulize, katika hiyo miaka minne, meseji ngapi za baba mliwahi kumjibu? Sizungumzii dole gumba, nasema kujibu, baba umeisoma wapi hii, baba unaonaje, baba hapa sijaelewa. Umeandika mwenyewe, "tukawa tunapita tu". Mzee ametuma asubuhi, mchana na usiku kwa watoto wake na wadogo zake, kimya, siku ambayo hatimaye mtu anamjibu kwa sentensi nzima, na ni mtoto wake wa kwanza aliyemnunulia ile simu, neno la pili baada ya "baba hii" ni "uongo". Mimi ningekuwa yeye ningejisikia nimeitwa mbele za watu nikavuliwa shati.

Wazee wengi wanaofowadi, mwanangu, hawatangazi siasa. Wanabisha hodi. Hawajui waanze vipi mazungumzo na watu 43 ambao hawasemi, kwa hiyo wanatuma kitu kinachoonekana cha muhimu wakitegemea kitaamsha mtu. Na kwa baba yako kuna zaidi ya hapo, maana vile vitu anatumiwa na rafiki yake wa miaka 26 ambaye hatoki ndani. Fikiria kidogo huyo mzee mwingine, siku yake nzima ni dirisha na simu, anachokipata anampa mwenzake, ndio namna yao ya kukaa pamoja sasa hivi. Baba yako akipokea kitu kutoka huko hajiulizi kama picha ni ya kweli, anajua tu kwamba huyu bwana hajawahi kumdanganya. Wewe ulisema picha ni ya uongo, yeye alisikia rafiki yake ni muongo, na kwamba kasemwa hivyo mbele ya wakwe.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani wazee wamepungukiwa akili, na sio kweli. Enzi za ile redio, kabla habari haijafika kwenye sikio la baba yako ilipita kwa watu. Kulikuwa na mwandishi, mhariri, msomaji ambaye jina lake linatajwa mwanzo na mwisho wa taarifa. Walikuwa wanaficha mambo, ndio, serikali zilikuwa zinawabana, ndio, na ndio maana baba yako alikuwa anatafuta stesheni ya pili. Lakini alijua anamsikiliza nani, na alijua wa kulinganisha naye. Meseji inayokuja kwenye simu haina stesheni. Tangu 2016 WhatsApp imewafungia watu wote meseji zao kwa ufunguo ambao kampuni yenyewe haiwezi kusoma kilichomo, na mimi nafurahi iko hivyo, sitaki mtu asome ninayoandikiana na wanangu, lakini maana yake ni kwamba humo ndani hakuna mhariri na hawezi kuwepo. Mhariri aliyebaki ni ndugu. Ni wewe. Hiyo kazi mmepewa watoto wote wa dunia hii bila kuombwa na bila kufundishwa, na ni kazi ngumu kwa sababu mhariri wa redio alikuwa hasahihishi baba yake mzazi.

Sasa nikupe kisa kimoja ambacho huwa nakifikiria kila nikiona meseji fupi. Tarehe 13 Julai 1870 mfalme wa Prussia, dola kubwa ya Wajerumani wakati ule, Wilhelm wa Kwanza, alikuwa mapumzikoni kwenye mji wa Ems. Asubuhi akiwa matembezini akafuatwa na balozi wa Ufaransa, bwana Benedetti, akitaka mfalme aahidi kwamba ukoo wake hautagombea tena kiti cha ufalme wa Hispania, milele. Mfalme akakataa, kwa heshima tu, kama watu wazima wanavyokataliana, na baadaye akamtumia ujumbe kwamba hana la kuongeza. Taarifa ya yote hayo ikapelekwa kwa simu ya maandishi kwa waziri wake mkuu Bismarck huko Berlin. Bismarck akachukua kalamu akaikata. Uzuri wa kazi yake, na ubaya wake, ni kwamba hakuhitaji kuongeza la uongo, aliondoa tu maneno mpaka ikasomeka kama mfalme kamfukuza balozi mlangoni, halafu akaipeleka magazetini. Wajerumani wakasoma mfalme wao kadharauliwa, Wafaransa wakasoma balozi wao kadharauliwa, na tarehe 19 Julai, siku sita tu, Ufaransa ikatangaza vita. Septemba mfalme wao Napoleon wa Tatu alishakamatwa na kiti kimepotea.

Wewe sio Bismarck, yeye alikata makusudi. Ila angalia ile meseji yako kwa jicho hilo. Kama ungekuwa umekaa naye, ungesema maneno yale yale na uso wako, na mkono wako labda begani kwake, na sauti unayomwitia tangu una miaka miwili. Kwenye simu vyote vile vilikatwa, kikabaki kiini chenyewe kikavu, hii ni uongo, uwe unaangalia. Hakuna neno lisilo kweli hapo ndani na bado iliyofika kwake ni dharau.

Kwa hiyo swali lako, niombe msamaha kwa kitu gani. Kwa mambo mawili. La kwanza, kwa pale uliposemea, mbele ya watu 43 wakati namba yake unayo. La pili, na hili nadhani ndilo linalokukatia usingizi ila hujalitaja kwa jina lake, walipoanza kumcheka ulinyamaza. Uliandika "mimi sikucheka lakini pia sikusema kitu". Hapo ndipo. Kijana aliyeandika anyang'anywe simu ilitakiwa asikie kwako dakika ile ile, na bado hajachelewa kusikia, mpigie leo hii na umwambie ampigie babu yake au mjomba wake au vyovyote anavyomwita, yeye mwenyewe, kwa mdomo.

Mdogo wako anayesema akinuna anashinda mwambie hapa hakuna mashindano. Halafu yeye aliyezima mlio aanze kuuwasha.

Usimwombe baba msamaha kwa meseji. Usirekodi sauti. Usimtume mama, mama ameshabeba ya kutosha. Nenda, na ukifika usianze na ile maneno ya "samahani kama uliumia", hiyo "kama" ifute kichwani, unajua kabisa aliumia. Mwambie baba nilikusema mbele za watu na wakakucheka nikanyamaza, nimekosa. Basi, usiongeze "lakini ile picha kweli ilikuwa", atalileta mwenyewe akitaka. Anaweza akanyamaza muda mrefu, wababa wa umri ule wanamezea vitu, kaa naye tu hata kama mnasikiliza redio mpaka taarifa iishe.

Halafu kuna kitu nataka umwambie siku nyingine, sio siku hiyo hiyo, kwa sababu nahisi mzee anajiona mjinga na ndio maana simu kaizima, na ujinga hana. Mwaka 1917 huko Cottingley, Uingereza, wasichana wawili, mmoja wa miaka 16 na binamu yake wa miaka 9, walipiga picha wakiwa na vijimalaika vidogo vyenye mabawa vinacheza bustanini. Vilikuwa ni vipande vya karatasi, walivichora wakavikata wakavisimamisha kwa pini za kofia, basi. Aliyeziamini zile picha na kuzitetea gazetini mwaka 1920 ni Arthur Conan Doyle, mtu yule yule aliyemtunga mpelelezi Sherlock Holmes anayejua ulikotoka kwa kuangalia tope la kiatu chako. Na wale wasichana hawakukiri kwamba walitunga mpaka mwaka 1983, wameshakuwa vikongwe. Conan Doyle alikuwa amefiwa na mtoto na ndugu miaka ile, alitamani sana kuwe na kitu kingine zaidi ya tunachokiona. Hakuamini kwa sababu akili ilikuwa ndogo, aliamini kwa sababu alihitaji. Baba yako akitumiwa picha ya watu wengi wamejaa uwanjani, pengine naye kuna kitu anahitaji, kwamba watu bado wanajali, kwamba nchi bado inaweza kubadilika kabla hajafa. Muulize. Miezi mitatu imepita na sidhani kama kuna mtoto wake hata mmoja aliyemuuliza anatamani nini.

Sasa swali lako la pili, akirudi si tunarudi kule kule. Mtarudi kule kule kama mkimrudisha kwenye ukimya ule ule. Lakini mwanangu, dawa ipo nyumbani kwenu na umeipita mwenyewe kwenye barua. Yale madaftari! Mimi nimefanya kazi ya kusoma barua za watu miaka mingi na sijawahi kukutana na mzee mwenye chombo kizuri kama kile. "Nimesikia" na "nimeona". Akiwa na miaka 15, redioni tu, hana picha, hana intaneti, alishajua kuuliza ni nani angefaidika kukanusha na mbona hajakanusha. Huyo unataka kumfundisha nini? Yeye anachohitaji ni kuonyeshwa tu kwamba fowadi ni "nimesikia", hata ikija na picha. Huko ndiko walikomteka. Zamani ukiona kwa macho yako ni umeona, hiyo ndiyo sheria aliyokua nayo na ilimtosha maisha yake yote, sasa picha inaonekana kwa macho lakini bado ni maneno ya mtu usiyemjua.

Ukipata naye muda mzuri, simu mpe aishike yeye, usimnyang'anye mkononi kama watoto wanavyofanya, na mwonyeshe vitu viwili tu. Cha kwanza, kile kimshale juu ya meseji. Kimshale kimoja ni kwamba aliyekutumia hakuiandika yeye, vimshale viwili ni kwamba imeshafowadiwa mara tano au zaidi mpaka kufika hapo, kwa hiyo hata rafiki yake haijui imetoka kwa nani. WhatsApp wenyewe waliona moto, mwaka 2019 wakaweka mwisho wa kufowadi sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020 zile zenye vimshale viwili wakazibana ziende sehemu moja moja. Mwambie hivyo, atapenda, ni habari ya stesheni hiyo, na inamtoa rafiki yake kwenye lawama: mzee mwenzake hakudanganya, alipokea tu maneno yaliyopita kwenye vinywa vingi.

Cha pili, kutafuta kwa picha kama ulivyofanya wewe. Ila mwambie na mipaka yake, maana ukimwonyesha kama muujiza ataiamini kuliko inavyostahili. Ile inakuonyesha kama picha ilishawahi kuonekana mahali pengine zamani. Picha iliyotengenezwa na kompyuta leo asubuhi haina zamani, utaitafuta na hutapata kitu na utadhani ni ya kweli. Hapo mnarudi kwenye kazi yake ya zamani ya kuzungusha kitufe, nani mwingine kaisema hii, na hasa, je mpinzani wao anasemaje.

Na kwenye grupu muwe na utaratibu mmoja, kwa wote, sio kwa mzee peke yake, maana vijana nao wanatuma mauongo yao ila yanakuwa na muziki nyuma. Mtu akileta habari anaandika mbele yake "nimesikia" au "nimeona". Mwombe baba yako ndiye awaelezee wengine huo utaratibu, kwa sababu ni wake, wewe usimtangulie. Ikitokea kosa, aliyeliona anampigia mhusika, na mhusika mwenyewe ndiye anayerudi kusema jamani ile ya jana sivyo. Baba yako akisahihisha mwenyewe hata mara moja tu mbele ya wale 43 hakuna atakayemcheka.

Akikataa kurudi kwenye grupu mwache. Wengine grupu haliwafai, wanafaa kupigiwa. Ila usimwache na simu imezimwa, kwa ajili ya yule rafiki yake, ambaye kama nimekuelewa vizuri naye ana miezi mitatu anatuma na hajibiwi na hajui kwa nini.

Nenda wikiendi hii. Mwombe akutolee daftari la kwanza, usilipige picha kwanza, lishike tu, mwache asome yeye. Tafuteni Julai 1969. Walitua tarehe 20 na kwa saa za kwetu mtu alikanyaga chini tarehe 21 alfajiri, kwa hiyo nadhani kaandika moja kati ya hizo mbili. Angalia pale ukingoni aliweka neno gani. Kisha niandikie, maana nami nataka kujua.

Shangazi